Kleist Sykes (1894–1949): Majina, Dini na Uenyeji wa Mji wa Dar es Salaam

Maisha ya Kleist Sykes yameandikwa kwa mapana mara mbili, na mara zote kumbukumbu za ukoo ndizo zilizokuwa chemchemi muhimu. Mwaka 1973 mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alichapisha sura juu yake katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe kuhusu Watanzania wa zama mpya. Mwaka 1998 Mohamed Said alitoa kitabu juu ya Abdulwahid, mwana wa Kleist, akianzia mbali, kwa babu. Katika maandishi ya kwanza Kleist anaonekana zaidi kuwa mtu wa mjini. Katika ya pili anaonekana kuwa Mwislamu ambaye mchango wake, na wa wenzake, haukupewa nafasi katika historia rasmi ya chama. Inadaiwa hapa kwamba sura hizo mbili ni za mtu mmoja, na kwamba anayezitenga hawezi kueleza alilolifanya kati ya mwaka 1929 na 1933.

Ushahidi wa kwanza umo katika majina. Baba yake alikuwa Sykes Mbuwane, mmoja wa askari walioajiriwa na Hermann von Wissmann kutoka Msumbiji ili kupigana na Abushiri, katika vita vilivyoanza mwaka 1888. Wajerumani waliwaita askari hao Wazulu, na jina hilo likabaki, ingawa wengi wao ni dhahiri walikuwa Washangaani. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo, Mbuwane alizama katika Mto Ruaha akirejea kutoka katika vita dhidi ya Mkwawa. Mtoto wake, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alilelewa na Affande Plantan, mkuu wa Wazulu hao, na katika ujana wake aliitwa Kleist Plantan. Baadaye alilirudia jina la baba. Hivyo katika kizazi kimoja tunakutana na Mbuwane la kusini, Sykes la Kizungu, Kleist la Kijerumani na Plantan la mlezi. Hakuna hata moja kati ya haya linaloitaja dini, na mtafiti anayetegemea majina pekee angeweza kudhani kwamba hawa walikuwa Wakristo.

Ukweli ni kinyume. Wageni hawa walisilimu, na watoto wao wakakulia katika Uislamu. Sababu si ngumu kuiona. Jeshi la Wajerumani liliwakutanisha na askari wa Kisudani, ambao walikuwa Waislamu. Na mji wenyewe wa Dar es Salaam ulikuwa wa Kiislamu katika mambo yanayomgusa mgeni kwanza, yaani kuoa, kuzika na kupata jirani wa kumdhamini. Mtu asiye na shamba la mababu wala mzee wa ukoo wa karibu aliupata uenyeji kupitia msikitini. Kwa Kleist, basi, dini haikuwa urithi uliotoka kwa mababu wa mbali. Ilikuwa makazi mapya, nayo ilikuwa na umri karibu sawa na wake.

Alisoma katika shule ya Wajerumani, akapigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha chini ya Waingereza akawa karani wa Reli. Haya hayahitaji kukaliwa sana. Lenye uzito ni kukutana kwake na James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1924 pamoja na Tume ya Phelps-Stokes. Aggrey ndiye aliyemtia shime ya kuunda chama cha Waafrika. Yafaa kukumbukwa kwamba Aggrey alikuwa kasisi. Mbegu ya chama ilitoka kwa mhubiri Mkristo, ikaota mikononi mwa Mwislamu. African Association ilipoundwa mwaka 1929, rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu Mkristo, na katibu akawa Kleist. Wanachama walijenga ofisi yao New Street, barabara inayoitwa sasa Mtaa wa Lumumba, kando ya Kariakoo.

Mwaka 1933 kiliundwa chama cha pili, Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Mzee bin Sudi akawa rais na Kleist, tena, katibu. Wapo watakaoona hapa mtu aliyegawanyika. Lakini inapasa kutazama elimu. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake, na vyuo vya Kurani havikuingia katika hesabu hiyo. Mzazi Mwislamu wa Kariakoo alibaki na uchaguzi mchungu: kumpeleka mwanawe kwa wamisionari, au kumwacha bila elimu ya kumfikisha ofisini. Kleist, aliyejua kutokana na maisha yake kwamba kalamu ya karani ndiyo iliyomtoa katika kambi ya baba yake, hakuweza kulikubali hilo. Al Jamiatul Islamiyya ilijenga shule yake mtaa ule ule wa New Street, ikifundisha dini pamoja na masomo mengine. Chama kimoja kilidai nafasi ya Mwafrika mbele ya serikali. Kingine kilihakikisha kwamba Mwafrika aliye Mwislamu hatakuwa wa mwisho kuifikia nafasi hiyo.

Wanawe Kleist aliwaita Abdulwahid, Ally na Abbas. Jina la dini, ambalo halikuonekana kwake wala kwa baba yake, lilitangulizwa. Sykes likawa la ukoo. Alifariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa katika ofisi ile ya New Street, na Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mtaa wa Kipata, alikoishi Kleist, baadaye ulipewa jina lake.