Pierre Budin, Mlinzi wa Watoto Waliozaliwa Kabla ya Siku Zao

Baada ya Ufaransa kushindwa katika vita na Prussia vya mwaka 1870 hadi 1871, wakuu wake waliingiwa na hofu: watoto waliozaliwa walikuwa wachache, na wengi wao walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Miongoni mwa waganga waliojitwika kazi ya kuyaokoa maisha hayo alikuwa Pierre Budin.

Budin alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Énencourt-le-Sec, kaskazini ya Paris. Mwalimu wake katika uganga wa uzazi alikuwa Stéphane Tarnier. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Tarnier aliwahifadhi watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia ndani ya sanduku lililopashwa joto kwa maji ya moto, mfano wa lile la kuangulia vifaranga. Wengi waliokoka. Hata hivyo Budin alitambua kwamba joto peke yake halitoshi, kwani mtoto wa namna hiyo ana maadui watatu: baridi, chakula kisichomfaa na maradhi ya kuambukizwa.

Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité, alianzisha kliniki ambako kina mama walirudi na watoto wao wapimwe uzito, nao wakahimizwa kunyonyesha. Mwaka 1895 alikabidhiwa kazi katika hospitali ya wazazi ya Paris. Huko alipima maziwa kwa uangalifu mkubwa: yakipungua mno, mtoto hugeuka rangi ya buluu, yakizidi, tumbo huharibika. Asiyeweza kunyonya alilishwa kwa mpira mwembamba. Maziwa ya mama ndiyo yaliyotangulia. Ya ng'ombe yalitolewa kwa dharura tu, tena yakiwa yamechemshwa. Alipinga pia kumtenga mama na mtoto wake. Masomo yake yalitolewa kitabuni mwaka 1900, naye akafariki Marseille mwaka 1907.

Ugonjwa wa kuoza utumbo, unaoogopwa sana kwa watoto hao, ulipewa jina lake miaka mingi baadaye. Lakini mambo yanayouchochea yangemshangaza kidogo tu: kuzaliwa mapema mno, uzito usiofika gramu 1,500, maziwa ya kopo mahali pa ya mama, na maambukizo. Mapacha wamo hatarini zaidi kwa kuwa mara nyingi huzaliwa mapema na wadogo.

Jambo hili latuhusu sisi wa pwani ya Tanganyika. Kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, Bukuru na Butoyi wakizaliwa, jamaa husema upesi kwamba maziwa ya mama mmoja hayatoshi wawili. Askari aliye lindoni hutuma mshahara, na mshahara hununua kopo. Kopo hilo likikorogwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, katika pwani ambako kipindupindu kimezuka mara nyingi, hatari huongezeka juu ya hatari.

Ndugu askari, matiti hutoa kwa kadiri yanavyonyonywa au kukamuliwa. Kopo lisitumiwe ila mganga akiagiza. Tumbo la mtoto likivimba, akitapika kijani, au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane. Fedha ya kopo na ilipe nauli hiyo, na chakula cha mama.