EDMOND ALBIUS, MTOTO MTUMWA ALIYEFAHAMU SIRI YA VANILA



Huko Marekani tarehe 16 Aprili ni siku ya kusherehekea maua yanayoitwa okidi. Sisi hapa Rurambo tunaziona okidi bila kujua jina lake: ni zile zinazoshika juu ya matawi ya miti mikubwa katika msitu wa Itombwe, pasipo kugusa udongo. Wengi wanazisifu kwa uzuri tu. Lakini iko okidi moja inayozaa tunda lenye bei kubwa, nayo ni vanila, ile yenye kutia keki na biskuti harufu nzuri. Siri yake ilifunuliwa na mtoto. Tunataka mujue maisha yake.

Edmond alizaliwa mwaka wa 1829 kule Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska. Wakati ule kisiwa kiliitwa Bourbon, nacho kilikuwa mali ya Ufaransa. Watumwa wengi wa kule walitolewa Madagaska na pwani ya Afrika ya Mashariki. Mama yake, Mélise, alikufa katika kumzaa. Na kwa sababu mtumwa hakuwa na jina la ukoo, mtoto aliitwa Edmond, basi.

Alilelewa kwa Féréol Bellier-Beaumont, mtu aliyependa sana mimea. Edmond hakutiwa shuleni. Lakini kila siku alimfuata bwana wake bustanini, akishika majina ya miti na maua. Alionyeshwa pia namna ya kutwaa unga wa ua dume la mmea mmoja wa jamii ya maboga na kuutia katika ua jike, ili lizae.

Vanila ilitoka Meksiko, ikaletwa Bourbon karibu mwaka wa 1820. Ilimea vizuri, ikatoa maua, lakini matunda hapana. Kwa nini? Ndani ya ua mna ngozi nyembamba inayotenga upande wa dume na upande wa jike. Wadudu wanaofanya kazi ile Meksiko hawakuwako kisiwani. Tena ua la vanila linafunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile. Siku yake ni moja tu! Mwaka wa 1836 Charles Morren, mwalimu wa chuo kikuu cha Liège huko Ubelgiji, alipata matunda kwa mkono, lakini namna yake ilikuwa ngumu kwa wakulima.

Mwaka wa 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea na Edmond bustanini, akaona matunda mawili juu ya vanila yake iliyokaa miaka karibu 20 bila kuzaa vizuri. Edmond akasema kwamba ni yeye aliyefanya. Bwana wake hakusadiki. Baada ya siku chache tunda lingine likaonekana, naye akamwomba aonyeshe. Kijana akashika ua, akainua ile ngozi kwa kijiti kidogo, akakandamiza kwa kidole gumba. Kumbe, imekwisha! Alikuwa na miaka 12, sawa na wadogo wetu wanaoingia kalasi ya kwanza ya sekondari.

Akatumwa katika mashamba mengine kufundisha watu. Mwaka wa 1848 kisiwa kilituma Ufaransa vanila kilo 50 hivi. Mwaka wa 1898 zilikuwa karibu tani 200. Wenye mashamba wakatajirika. Edmond, hapana.

Tarehe 20 Desemba 1848 watumwa zaidi ya 60,000 wa kisiwa kile waliwekwa huru. Edmond akapewa jina la Albius, akaenda mjini Saint-Denis kufanya kazi ya jikoni. Huko akahukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu kwa wizi wa mapambo. Hatufichi neno hili, wala hatusemi kwamba wizi ni kitu chema. Lakini bwana wake wa zamani alimkumbusha gavana mema aliyotendea kisiwa, na Edmond akafunguliwa baada ya miaka mitatu.

Tena mtaalamu mmoja wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alisema kwamba ndiye aliyeleta ufundi ule. Bellier-Beaumont akaandika barua kumkatalia, akishuhudia kwamba ni kazi ya Edmond. Bila barua zile, labda leo tungesoma jina lingine.

Edmond Albius alikufa maskini kule Sainte-Suzanne, tarehe 9 Agosti 1880. Leo sanamu yake iko pale. Na wakulima wa Madagaska, Komoro, Uganda, hata ndugu zetu wa upande wa Beni, wangali wakifanya vile alivyofanya, ua kwa ua, asubuhi mapema.

Wapenzi, munakumbuka Yusufu gerezani: mnyweshaji alitoka, akamsahau. Wengi walikula matunda ya mikono ya Edmond wakamsahau vilevile. Sisi wanafunzi je? Mara ngapi mwenzetu anatueleza hesabu usiku, na kesho mbele ya mwalimu tunajisifu kwamba tumeipata wenyewe? Tujifunze kutaja jina la aliyetusaidia, hata akiwa mdogo, hata akiwa hana viatu. Na wewe mdogo, usiogope kuangalia sana kazi za Mungu. Akili hazingoji umri.