Maria Sibylla Merian na Siri ya Viwavi

Katika Ulaya ya karne ya 17, watu wengi, wasomi wakiwemo, waliamini kwamba wadudu huzuka tu kutokana na tope na uozo. Kiwavi hakustahili kutazamwa mara mbili. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mnamo 1647, alimtazama takriban maisha yake yote.

Babake alifariki binti huyu akiwa na miaka 3. Uchoraji alifunzwa na babake wa kambo, Jacob Marrel, mchoraji stadi wa maua. Alipotimu miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri, akawalisha na kuwachunguza hadi nondo wakachomoza. Kuanzia hapo hakuacha kukusanya viwavi wa kila aina. Ndoa na malezi ya mabinti wawili havikumkatiza. Kitabu chake cha kwanza kuhusu viwavi kilitoka mwaka wa 1679, nacho kilimwonyesha mdudu katika hatua zake za ukuaji, kiwavi, bundo na kipepeo, juu ya mmea ule ule anaoula. Mtindo huu, uliozoeleka sasa katika vitabu vya shule, ulikuwa mgeni enzi hizo.

Mnamo 1699, akiwa na miaka 52 na ameshaachana na mumewe, alisafiri pamoja na bintiye mdogo, Dorothea, hadi Suriname, koloni la Uholanzi. Walowezi walimkejeli kwa kutafuta kisichokuwa sukari. Waliomfyekea njia msituni na kumletea wadudu ni watumwa, Waafrika na wenyeji wa huko, ambao kitabuni hawakutajwa majina. Hilo ni doa lisilofutika. Hata hivyo, alinakili waliyomweleza wanawake hao: kwamba walitumia mbegu za mmea fulani kuharibu mimba, wasije wakazalia watoto utumwani. Ushahidi wa aina hiyo ni adimu mno katika vitabu vya sayansi vya wakati ule.

Maradhi yalimrejesha Amsterdam mwaka wa 1701. Kitabu chake kuhusu wadudu wa Suriname, chenye picha 60, kilitoka mwaka wa 1705, naye akafariki mwaka wa 1717. Katika karne ya 19 baadhi ya wataalamu walimwita mzushi, hasa kwa kumchora buibui akila ndege. Mnamo 1863 Mwingereza Henry Walter Bates alichapisha habari za safari zake Amazon, akaeleza jinsi alivyomkuta buibui wa aina hiyo juu ya ndege wawili aliowanasa.