Ettore Majorana: Aliyeacha Swali
Ettore Majorana alizaliwa Catania, kisiwani Sisilia, mwaka wa 1906. Aliuacha uhandisi akasomea fizikia kwa Enrico Fermi, mjini Roma. Hesabu zake aliziandika juu ya pakiti za sigara, kisha akazitupa. Makala yake ya mwaka wa 1937 ilipendekeza kwamba nyutrino na kinyume chake huenda ni chembe moja. Machi 1938 alisafiri kwa meli kwenda Palermo, akatoweka. Leo wanafizikia huchunguza mivunjiko adimu ya chembe ya tau, iliyogunduliwa miaka ya 1970, wakisaka nyutrino nzito za aina aliyoiwaza. Zikipatikana, huenda zikaeleza kwa nini maada ilisalia ulimwenguni ilhali kinyume chake kilitoweka. Mwenyewe hakuonekana tena. Swali lake lingali hai.