Mwanafunzi Anayemaliza Kabla ya Wenzake: Funzo kutoka Maisha ya Mwalimu Nyerere

Kila mwalimu amekutana na mtoto wa namna hii. Hesabu 10 zimeandikwa ubaoni. Wenzake wako hesabu ya tatu, yeye amekwisha kuweka kalamu chini. Nilipoanza kazi ya ualimu nilimpata mmoja katika darasa la nne, hapa upande wa Mlandizi. Kila alipomaliza nilimwamuru afunge mikono na kusubiri wenzake. Kwa wiki kadhaa alisubiri. Baadaye alianza kuwachokoza jirani zake, nami nikamtia katika orodha ya wakorofi. Muhula wa pili alitulia: alifanya hesabu tano, zilizobaki akaziacha, akatazama nje dirishani. Nilidhani nimemrudi. Leo, nikiwa mkufunzi wa walimu, natambua kwamba nilikuwa nimemfundisha uvivu.

Ni kwa sababu ya mtoto yule naandika makala haya juu ya masomo ya Julius Kambarage Nyerere. Sote twamjua kuwa Baba wa Taifa. Hapa nataka tumtazame akiwa mwanafunzi ambaye akili yake ilitangulia masomo aliyopangiwa, tuone ni nini kilichomzuia asichoke.

Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Hadi kufikia umri wa miaka 12 hakuwa ameingia darasani. Hata hivyo akili yake ilikwisha kupata shule, nayo ilikuwa mchezo wa bao. Yasimuliwa kwamba kijana huyu aliwashinda watu wazima, na kwamba mtemi mmoja wa jirani, alipoona jinsi alivyohesabu kete na kuona mbele, alishauri apelekwe shule. Tuzingatie jambo hili: aliyegundua kipaji hakuwa mwalimu, wala hakutumia mtihani. Aliketi na mtoto mbele ya kazi ngumu, akamtazama anavyofikiri.

Mwaka 1934 aliingia shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, ambako ilimbidi ajifunze pia Kiswahili. Baada ya miezi sita tu walimu wake walimrusha darasa, na katika mtihani wa mwisho aliwapita wenzake wote. Walimu hao wastahili sifa, kwa kuwa hawakumfunga mikono. Lakini kurushwa darasa ni dawa ya muda. Mtoto hufika darasa la juu, akalimeza hilo nalo, kisha akakaa tena akisubiri.

Dawa iliyodumu aliipata katika Shule ya Serikali ya Tabora, alikoingia mwaka 1937. Humo mlikuwa na maktaba, na Nyerere aliitumia kukuza Kiingereza chake kupita kiwango cha darasa. Mlikuwa na midahalo, ambamo haikutosha kulijua jibu. Ilipasa kulitetea mbele ya mtu mwenye jibu jingine. Aidha, baada ya kusoma kitabu juu ya uskauti, alishiriki kuanzisha kikosi cha maskauti shuleni hapo. Silabasi ilikuwa ile ile kwa wote. Tofauti ni kwamba shule iliacha mlango wazi kwa yule aliyetaka kwenda mbele zaidi.

Alipokuwa Makerere, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943, aliandika insha akiyachukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Hapa pana jambo kubwa kwa mwalimu. Elimu ya kitabuni ilikutana na nyumba aliyozaliwa, na swali likawa lake mwenyewe. Mwanafunzi mwenye swali lake mwenyewe hana nafasi ya kuchoka.

Alifundisha St. Mary's, Tabora, na wakati wa mapumziko aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952. Kisha alifundisha historia huko Pugu, njia ya kwenda Kisarawe, si mbali na hapa kwetu, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Hata akiwa Rais aliendelea kujipa mazoezi: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitolewa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Mtu huyu aliyenufaika sana na mchujo wa mitihani ndiye aliyeukosoa katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Alihofu shule inayomtenga mwerevu na watu wake hata akawadharau. Baadaye nchi yetu iliweka shule za vipaji maalumu, Tabora na Kibaha zikiwa miongoni mwake. Shule hizo zina manufaa, ila huwapokea wachache, tena baada ya darasa la saba. Mtoto wa darasa la nne hawezi kungoja miaka mitatu akiwa amefunga mikono.

Basi tufanye nini katika darasa lililojaa? Kwanza, tusimpe aliyemaliza hesabu 10 nyingine 10 za namna ile ile. Hiyo ni adhabu kwa kosa la kufanya vema. Tumpe moja nzito. Ikiwa somo ni eneo, apewe kamba, apime shamba la shule, amwulize mkulima nafasi ya mkorosho na mkorosho, akadirie miche inayohitajiwa. Pili, alete jibu lake mbele ya darasa, alitetee, nao wenzake wampinge. Kwa njia hiyo akili yake inakuwa mali ya darasa zima, kama alivyotaka Mwalimu. Tatu, tujiulize juu ya kila mtoto mkorofi: je, kazi niliyompa inamtosha?

Mtoto wangu yule hakufaulu mtihani wa darasa la saba. Wenzangu waliniambia kwamba hakuwa na bidii. Sikuwaeleza kwamba alikuwa nayo alipokuja kwangu.