Max Perutz: Miaka 22 ya kuitafuta siri ya damu

KILA mwanadamu anapovuta pumzi, oksijeni huingia mapafuni na kupokelewa na damu. Kama damu ingekuwa maji matupu, lita moja isingebeba zaidi ya mililita tatu hivi za oksijeni. Hubeba takriban mililita 200, kwa sababu ndani ya chembe zake nyekundu imo protini iitwayo hemoglobini. Aliyetufunulia namna mchukuzi huyo anavyofanya kazi ni Max Perutz, mwanasayansi aliyelitumikia swali hilo karibu maisha yake yote.

Perutz alizaliwa Vienna, Austria, Mei 19, 1914, katika familia ya matajiri wa viwanda vya nguo. Wazazi wake walimtaka asome sheria ili aje kuongoza biashara. Yeye akachagua kemia. Mwaka 1936 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kujifunza kwa John Desmond Bernal namna ya kupitisha eksirei katika fuwele, mfano wa punje za chumvi, ili kutambua mpangilio wa atomi zilizomo. Mwaka uliofuata akaichagua hemoglobini.

Wengi waliuona uamuzi huo kuwa wa mtu asiyejua ukubwa wa mzigo anaojitwika. Molekuli zilizokuwa zimekwisha kusomwa kwa njia hiyo zilikuwa na atomi makumi kadhaa tu, ilhali hemoglobini inazo karibu 10,000.

Kabla hajafika mbali, dunia ikachafuka. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Familia yake, yenye asili ya Kiyahudi, ilipoteza mali, na wazazi wake wakawa wakimbizi. Vita ilipopamba moto, Uingereza aliyoitegemea ikamhesabu kuwa raia wa nchi adui. Mwaka 1940 alikamatwa na kusafirishwa hadi kambini Kanada. Aliachiwa mwaka 1941, na baadaye serikali ile ile ikamwita afanye utafiti wa siri kuhusu barafu, kwa ajili ya mpango wa kuunda meli ya barafu ya kutulia ndege. Mpango huo haukutimia.

Amani iliporejea, Perutz alirudia fuwele zake. Picha za eksirei zilimwonyesha maelfu ya madoa, lakini maana yake haikusomeka. Mwaka 1953 alipata ufunguo: alipachika atomi za zebaki katika hemoglobini, kisha akalinganisha picha zenye zebaki na zisizo nayo. Mwaka 1959, baada ya miaka 22, umbo likajitokeza. Ilikuwa minyororo minne iliyokunjamana, kila mmoja ukiwa na atomi moja ya chuma, ambapo oksijeni hushika. Mwaka 1962 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na mwenzake John Kendrew, aliyefichua umbo la myoglobini, protini ya misuli.

Mwingine angepumzika hapo. Perutz alijua kuwa umbo peke yake halijajibu swali: kwa nini hemoglobini hushika oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini? Mwaka 1970 alitoa jibu. Oksijeni inapoishika atomi ya chuma, atomi hiyo husogea kidogo na kuvuta mnyororo wake. Molekuli nzima hugeuka, na minyororo iliyobaki hupokea oksijeni kwa urahisi zaidi. Katika misuli inayofanya kazi, ambako oksijeni ni haba na kaboni dayoksaidi ni nyingi, molekuli hurudi katika hali ya kwanza na kuutua mzigo wake.

Utafiti huo unatugusa hata sisi. Ndani ya kikosi cha Perutz, mwaka 1956, Vernon Ingram alionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu, maradhi yanayowatesa watoto wengi wa Afrika Mashariki, hutofautiana na ya kawaida kwa sehemu ndogo mno ya mnyororo. Kosa dogo kiasi hicho hutosha kuikunja chembe ya damu na kuziba njia yake.

Perutz aliongoza maabara ya baiolojia ya molekuli ya Cambridge kuanzia mwaka 1962 hadi 1979, na baada ya kustaafu uongozi hakuacha utafiti. Alifariki dunia Februari 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 87.