Dakta Banda na Sheria ya Mavazi

Wapo wazee nchini Malawi ambao hadi leo humtaja marehemu Dakta Hastings Kamuzu Banda kwa kumtamani, wakisema kwamba enzi zake vijana walikuwa na adabu. Hatuwabezi. Tunauliza tu adabu hiyo ilikuwa ya namna gani.

Alizaliwa karibu na Kasungu mwishoni mwa karne ya 19, akaenda Afrika Kusini, kisha Marekani, alikohitimu udaktari mwaka 1937. Huko Edinburgh akawa mzee wa Kanisa la Uskochi. Aliporejea kwao Julai 1958 alikuwa amekaa ugenini zaidi ya miaka 40, akawahutubia wananchi kwa Kiingereza kupitia mkalimani. Wakoloni wakamfunga Gwelo mwaka 1959. Uhuru ukapatikana mwaka 1964.

Mwaka 1973 ikaja sheria ya mavazi. Mwanamke alikatazwa kuvaa suruali na sketi inayoacha magoti wazi. Mwanamume alikatazwa kufuga nywele ndefu, hata wageni wakanyolewa mpakani. Lakini watazameni Mashahidi wa Yehova, watu wa staha kupita wengi. Walipokataa kununua kadi ya chama walipigwa, na mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Staha yao haikuwafaa kitu, kwa kuwa kilichodaiwa ni utii.

Chama kilikuwa na vijana wake wenye bunduki, Young Pioneers. Sisi tuvaao sare twafahamu hatari ya silaha kushikwa na kundi lisilowajibika kwa jeshi la taifa. Desemba 1993, baada ya askari kuuawa Mzuzu, jeshi la Malawi liliwanyang'anya silaha vijana hao, nasi twaihesabu kazi ile kuwa ya heshima.

Dakta Banda alishindwa uchaguzi Mei 1994, akafariki Novemba 1997. Sheria ya mavazi ilikwisha kufutwa. Hata hivyo, Januari 2012, wachuuzi mjini Lilongwe waliwavamia wanawake waliovaa suruali na kuwavua nguo hadharani, eti wakitetea heshima ya mwanamke. Siku chache baadaye wanawake walikusanyika Blantyre kupinga unyama huo, na wengi wao walikuja wamevaa suruali.